Tabibu Fayzullo Alivyoshika Mkono wa Binti Yake

Wazee wa mtaa wetu wameniomba niandike maisha ya baba yangu, ukurasa mmoja tu, usomwe siku ya kumkumbuka. "Wewe umesoma, Rohila, na unamjua kuliko sisi," walisema. Wakanywa chai yangu ya kijani bakuli nne nne, wakaondoka wakiwa wameshaamua wenyewe nitakachoandika: kwamba Tabibu Fayzullo alikuwa mrithi wa Bu Ali, kwamba vidole vyake vitatu vilikuwa na macho, na kwamba uzeeni alikuwa akiwasindikiza wagonjwa wa moyo hadi kwenye treni ya Tashkent, kumi na tisa kwa hesabu yao. Yote ni kweli na yote yananikera. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza alianza lini kuwapeleka huko, wala kwa nini.

Basi nitaandika ninavyojua mimi. Wakipenda wasome, wasipopenda wafungie mkate.

Sisi watu wa Bukhara tuna ugonjwa mmoja, nao ni Bu Ali. Vitabuni anaitwa Ibn Sina, lakini kwetu ni Bu Ali tu, utadhani ni jirani aliyehama wiki iliyopita. Alizaliwa kijiji kisicho mbali na mji wetu, miaka elfu iliyopita, akaondoka kijana, akafia mbali, na hata kaburi lake hatunalo. Hilo halituzuii. Mtoto akikohoa utaambiwa Bu Ali alisema nini juu ya kikohozi. Ukila tikiti ukashushia maji baridi, kuna bibi atakayekukemea kwamba Bu Ali alikataza. Sijui alipata wapi nafasi ya kukataza mambo yote hayo, na huku alikuwa akikimbia kutoka kwa mfalme huyu kwenda kwa yule.

Baba alirithi kwa babu karatasi kumi na mbili zilizonakiliwa kwa mkono kutoka kitabu kikubwa cha Bu Ali, zote zikihusu mapigo ya mshipa. Alizificha katika sanduku la mablanketi, katikati ya pamba, kwa sababu miaka ile ya utawala wa Kirusi wakubwa walikuwa na tabia ya ajabu: Bu Ali walimsifu kwenye magazeti, lakini ukishika mkono wa mgonjwa kama alivyoshika yeye, unaitwa tapeli na unaweza kulala ndani. Kwenye makaratasi ya serikali baba alikuwa mlinzi wa ghala la ngozi za kondoo. Alhamisi na Jumapili watu waliingia uani kwetu na mkate kwapani, kama wageni wa kawaida, wakatoka na unga wa mizizi ndani ya soksi.

Nimpe haki yake, alikuwa hodari. Hakumuuliza mgonjwa anaumwa nini. Kwetu tabibu anayeuliza ni tabibu wa kubahatisha. Aliosha mikono kwa maji ya moto, akaipasha chini ya blanketi la meza ya makaa, ile meza fupi yenye jiko chini yake, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wako, akafumba macho. Mara moja Normurod mchonga milango aliletwa na mkewe, analalamika tumbo, anaapa kwa ndevu za baba yake kwamba hajagusa chupa tangu msimu wa kuchuma pamba. Baba akashika mkono.

"Glasi tatu," akasema bila kufumbua macho. "Ya mwisho hukuimaliza."

"Usto, mwalimu wangu, hiyo ya mwisho mke wangu aliimwaga!" Normurod akaropoka, na mkewe akamtia kofi la kisogo palepale uani. Mtaa ulikicheka kisa hicho miaka mingi. Hata mimi ninapokiandika nacheka, kisha nakumbuka kilichofuata na kicheko kinakatika.

Tulikuwa mabinti wawili. Mama alifariki tukiwa wadogo, tukalelewa na shangazi Sharofat, dada yake baba, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Latofat alikuwa mkubwa wangu kwa mwaka mmoja na nusu. Alipokuwa na miaka kumi na mbili alishikwa na homa ya koo, ikashuka kwenye viungo, magoti yakavimba hata asiweze kwenda chooni bila kubebwa. Baba alimponya, au sote tuliamini amemponya. Magoti yalinywea, Latofat akaruka kamba tena, shangazi akachoma mbegu za kufukizia nyumba nzima kufukuza macho ya watu.

Alipofika miaka ishirini mambo yalibadilika. Ilikuwa vuli, tunaanika zabibu juu ya dari, na Latofat alikuwa hawezi kumaliza ngazi bila kukaa katikati. Usiku alilala ameegemea mito mitatu. Alikuwa hali chakula. Alikuwa akipumua kwa nguvu, pumzi ndefu zinazotoka bila sababu, na moyo ukimdunda hadi anaweka kiganja kifuani. Kisha mashavu: uso wote mweupe, lakini mashavu mekundu yanapendeza kama ya bibi harusi.

Sasa fikiri wewe ni mtu wa Bukhara na umeona haya. Hali chakula, halali usingizi, anahema, moyo unadunda, mashavu mekundu. Utasema nini?

"Mapenzi hayo," alisema shangazi Sharofat. "Yamempata vibaya, maskini."

"Shangazi, huyu mtu anaumwa," nilisema.

"Na mimi nimesema anaumwa! Mapenzi si ugonjwa? Bu Ali mwenyewe ameyaandika."

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Nilikuwa nimejifunza kutumia kipimo cha kusikilizia kifua siku chache tu zilizopita, nikakiazima, nikakiweka juu ya moyo wa dada yangu chini ya blanketi. Nilisikia mngurumo kama jiwe la kusagia unga linalozungushwa chumba cha pili. Kesho yake nikamdanganya kwamba tunakwenda kununua kitambaa, nikampeleka kwa daktari mmoja mwanamke aliyekuwa akitufundisha. Daktari alimsikiliza muda mrefu, akamwambia avae, akaniita pembeni. Vali ya moyo, kile kilango cha damu, imebana kwa sababu ya ile homa ya utotoni. Apelekwe Tashkent, wafungue. Asiolewe kwanza, na Mungu apishe mbali, asishike mimba. Akaniandikia karatasi.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kiasi kwamba Latofat alinisihi mara mbili nimngoje. Nilikuta nimechelewa. Baba alikuwa ameshapasha mikono.

Kisa cha Bu Ali na kijana aliyekonda kwa mapenzi kila mtoto wa kwetu anakijua. Tabibu alishika mkono wa mgonjwa, akaagiza mtu ataje majina ya mitaa, na mshipa uliporuka akajua mtaa. Akataja nyumba za mtaa huo, akajua nyumba. Akataja waliomo, akajua msichana. Babu yangu alimfanyia hivyo mtu mmoja, au alisema alimfanyia. Baba hakuwahi. Jioni ile alimketisha Latofat mezani, miguu yao chini ya blanketi moja, akashika mkono wake. Nilimwona akifumba macho muda mrefu kuliko kawaida yake. Shangazi akaanza kutaja.

"Jubor."

Kimya.

"Mirdustim. Arabon. Kofarobod."

Kimya. Mimi nimesimama mlangoni na karatasi ya daktari mkononi, sijavua hata kitambaa cha kichwa.

"Gavkushon," alisema shangazi.

Baba akafumbua macho. Latofat akataka kuuvuta mkono, baba hakuuachia.

"Endelea," alimwambia dada yake.

Shangazi, ambaye kwa habari za mji mzima hakuhitaji kuandikiwa, akataja nyumba za Gavkushon moja baada ya nyingine, na alipofika kwa mwoka mikate alitaja wana wake wanne kwa mpangilio wa umri. Wa tatu aliitwa Samandar. Latofat alificha uso kwenye blanketi. Shangazi alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia juu ya ukuta.

Na hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa, kwa sababu jaribio lilikuwa sahihi. Dada yangu alimpenda Samandar kweli. Alimpenda tangu mwaka uliotangulia, alipokuwa akienda kununua mkate Gavkushon wakati mwoka mikate wetu yuko hatua ishirini kutoka mlangoni. Angekuwa hampendi mtu, baba angeaibika na mimi ningesikilizwa.

"Baba," nilisema, "moyo wake umeharibika. Daktari amemsikiliza. Lazima apasuliwe Tashkent."

"Daktari gani?" shangazi akaruka. "Umempeleka msichana akavue nguo kwa watu?"

"Daktari mwanamke!"

"Wampasue kifua? Nani atamwoa na kifua kilichoshonwa kama gunia? We mtoto umerogwa?"

Baba alinyosha mkono. Nikampa karatasi. Aliigeuza huku na huku. Ilikuwa ya Kirusi, na baba alisoma herufi za Kiarabu za karatasi zake kumi na mbili tu, ambazo sisi watoto hatukuzijua. Nilijua hivyo vizuri kabisa.

"Inasemaje?" akauliza.

"Si wewe ni mrithi wa Bu Ali?" nikamwambia. "Isome."

Shangazi alinipiga kofi, na nilistahili, ingawa siku ile sikuona hivyo. Baba aliikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya kofia yake, akatoka uani kuangalia njiwa.

Wiki ile ile posa ya Samandar ilikubaliwa, na miezi mitatu iliyofuata nilipigana. Sijui neno jingine. Asubuhi kabla ya chuo, jioni baada ya chuo, nilimsubiri anaporudi kutoka ghalani na nikaanza. Nilimwambia karatasi zake zinafaa kufungia mbegu za kukaangwa. Nilimwambia Bu Ali angekuwa hai leo angemcheka. Nilimwambia watu wa Tashkent wanapasua moyo, wanapasua, wakati yeye anashika mikono na kutaja mitaa. Nilimwambia anamuua. Yeye alinisikiliza, akanimiminia chai, nusu bakuli kama anavyomiminiwa mgeni anayeheshimiwa, na hilo lilinichoma zaidi kuliko angenifokea.

"Hasira hasara, mwanangu," shangazi alinisihi. "Muda huu ungeutumia kushona shanga za dada yako."

Nikamgeukia Latofat mwenyewe. Tulikuwa tukilala chumba kimoja, yeye ameketi na mito yake, mimi sakafuni.

"Kataa ndoa," nikamwambia. "Sema unataka Tashkent."

"Sitaki Tashkent."

"Utakufa, mpumbavu wewe."

"Naogopa kisu, Rohila. Na Samandar ametuma ujumbe kwamba amenunua shali ya rangi ya maji ya bahari. Amewahi kuona bahari wapi yule?" Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Niache kidogo. Nimepata nilichotaka. Wewe utapata lini?"

Sikio la kufa halisikii dawa, nilijiambia, nikageukia ukuta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na msemo huo ulinipa usingizi.

Walioana majira ya kuchipua. Sitaki kusema uongo, ilikuwa harusi nzuri. Wali ulipikwa kwenye sufuria ambayo watu wawili wangeoga ndani, mkate wa baba mkwe ulikuwa bado na moto wa tanuri, na Samandar alikanyagwa mguu na bibi harusi mbele ya watu wote, kama desturi inavyotaka, akajifanya ameumia. Latofat alinawiri. Kwa wiki tano au sita alipanda ngazi, alikula, mito mitatu ikawa mmoja. Furaha ni dawa, sibishi, hadi mahali fulani. Mtaa mzima ulikuja kumpongeza baba. Mzee mmoja alibusu vidole vyake vitatu mbele yangu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo hadi ikapasuka.

Kiangazi akashika mimba. Mimba ilipofika mwezi wa sita alianza kuzama hewani, yaani nchi kavu, kitandani kwake, mdomo wazi na midomo ya bluu. Tulimkimbiza hospitali usiku, na mchana wake madaktari wakafanya kila walichoweza. Daktari wangu alikuja, akaniona kwenye benchi, hakuniuliza kitu. Latofat alikufa Jumatano, na mtoto ndani yake, wa kiume. Samandar alikuwa ameleta mkate uliofungwa kwa kitambaa, akawa ameushika tu, hajui ampe nani.

Baba alimzika binti yake kama watu wanavyozika. Hakulia mbele za watu. Alhamisi iliyofuata wagonjwa walikuja na mikate yao, wakakuta lango limefungwa kwa kamba, na Jumapili vilevile. Sikusema naye. Niliishi nyumba moja naye siku arobaini bila neno zaidi ya chai na chumvi.

Siku ya arobaini tulisomesha dua, tukalisha watu, na walipoondoka shangazi akaenda kulala na maumivu ya kichwa. Nilikuwa nakusanya bakuli. Baba ameketi pale pale, kwenye meza ya makaa, mikono chini ya blanketi, ingawa makaa yalikuwa yamezimika.

"Siku ile ulishika mkono wake," nilisema. "Ulisoma nini?"

"Achana nayo, mwanangu."

"Siachani nayo. Ulisoma mapenzi?"

Alilivuta blanketi karibu zaidi. Kisha akasema, "Mapenzi yalikuja ilipotajwa Gavkushon. Lakini nilipomgusa tu, kabla Sharofat hajafungua mdomo, nilikuta swala."

"Swala gani?"

"Ndivyo yanavyoitwa mapigo yale. Mshipa unapiga, na kabla haujatua unaruka tena, kama swala anayebadili nia hewani. Bu Ali ameyaandika. Babu yako alinionyesha mara moja, kwa mtu mmoja mfuma hariri. Hakumaliza mwaka."

Bakuli zilikuwa mikononi mwangu. Niliziweka chini.

"Ulijua ni moyo."

"Nilijua kabla yako."

"Sasa ile mitaa ilikuwa ya nini? Ulikuwa unacheza?"

"Kwenye karatasi zangu yale mapigo hayana dawa," alisema baba. "Babu yako alinifundisha: ukikuta ugonjwa usio na dawa, humwambii mgonjwa. Unatafuta roho yake inataka nini, unampa akiwa bado yupo. Nilitaka kujua binti yangu anataka nini. Angeniambia mwenyewe? Msichana kwa baba yake? Nikauliza mshipa."

Nilimwinamia. "Bu Ali amekufa miaka elfu, Baba! Dawa asiyokuwa nayo yeye, ndiyo haipo duniani? Karatasi ya daktari ulikuwa nayo kofiani! Tashkent wanapasua!"

"Ulisema. Kila siku ulisema wanapasua." Alikuwa akiangalia kitambaa cha meza. "Mtu akipasuliwa moyo anakufa, Rohila. Kondoo hata mia nimewaona. Nikasema, kama ni kufa, asifie kwenye meza ya chuma mikononi mwa wageni, kifua wazi. Afie kwao, ameolewa, anaitwa mke wa mtu."

"Nani kakwambia wanakufa mezani?"

Akainua uso. "Hawafi?"

"Kumi wakienda, tisa wanarudi na miguu yao."

Baba alitoa mikono chini ya blanketi, akaiweka mezani. Ndiyo ile mikono ambayo mtaa uliibusu.

"Tisa," alisema. "Na wanazaa?"

"Wanazaa."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia kila siku iliyoletwa na Mungu! Miezi mitatu sikunyamaza!"

"Uliniambia mimi mjinga. Sikubishi. Uliniambia karatasi zangu ni za kufungia mbegu. Uliniambia namuua. Uliniambia wanapasua." Hakupandisha sauti hata kidogo, alikuwa akitafuta kichwani mwake kwa uaminifu, kama anavyotafuta mshipa uliojificha. "Tisa hukuniambia. Tisa ningeisikia."

Daktari alinipa idadi ile mlangoni, wakati navaa viatu, tena aliirudia mara mbili ili niifikishe nyumbani. Niliibeba njia nzima hadi kwetu. Kichwani nilipita kwenye ugomvi wetu mmoja mmoja, wa asubuhi na wa jioni, wa uani na wa jikoni, hadi ule wa usiku nilipomwambia Latofat atakufa kisha nikageukia ukuta. Nilitafuta siku moja, hata moja tu, niliyomwambia mtu yeyote katika nyumba ile kwamba dada yangu anaweza kupona. Sikuipata.